Pima Tatu za Waya

Kagondo, Bukoba
Jumapili, 1 Agosti 1976

Mpenzi wangu Projestus,

Leo ni siku ya kumi na tano tangu Padri atufungishe ndoa, na siku ya tano tangu Yunus akupakie kwenye basi lake pamoja na masanduku yako ya waya. Ukitaka kujua kama mkeo ana akili bado, jibu ni hapana. Nilifaulu kidato cha nne vizuri tu, nikajua mito ya dunia yote, na sasa nimeshinda asubuhi nzima nikinusa shati uliloacha.

Mama yako ananitunza kama yai. Omugole, yaani bibi harusi, hatoki nje. Omugole hashiki jembe, hachoti maji, haonwi na watu mpaka siku yake ifike. Nakula, nalala, nanenepa. Juzi nilichungulia dirishani kuona kuku wanagombania nini, akanipigia kelele: "We Joviana! Unataka waseme mwanangu ameoa mpita njia?" Nikajificha nikicheka. Siku yangu ya kutoka imepangwa: Jumamosi, tarehe 9 Oktoba. Tafadhali, mpenzi, uwepo. Nitatoka nikikutazama wewe tu.

Mama anasema mama yake alitoka na vikuku vya shaba miguu yote miwili, vikalia hata watu wakajua anapita kabla ya kumwona. Siku hizi dukani hata sabuni hakuna, shaba itatoka wapi? Nikamwambia mume wangu anashika shaba mchana kutwa. Kweli hakuna masalia kidogo?

Nieleze kazi yako yote. Nataka kujua mikono yako inafanya nini wakati hainishiki.

Mkeo anayeyeyuka,
Joviana

*

Kimwani, Muleba
9 Agosti 1976

Mke wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya nguzo, nusura nianguke. Usiandike vile tena. Au andika, nitasoma nikiwa chini.

Kazi ni hii. Kijiji hiki ni kipya, watu walihamishiwa hapa mwaka juzi, na kutoka hapa mpaka hospitali ni mbali. Akina mama wanafia njiani. Kwa hiyo zahanati inapata simu. Muuguzi, Ma Georgina, akizungusha mkono wa simu, opereta wa Muleba anaitika na gari linatumwa. Ni hayo tu, lakini watu hapa wanasubiri kama wanavyosubiri mvua.

Umeuliza mikono yangu inafanya nini. Inaanza chini. Fundi mwenye haraka huanza na waya wa nguzo ili asikie sauti, watu wapige makofi. Sisi tunaanza na waya wa ardhini. Ukutani nyuma ya simu kuna kisanduku kidogo. Radi ikiingia kwa nguzo, kisanduku kinaipokea na waya wa ardhini unaipeleka kwenye udongo ikafie huko. Waya huo ni shaba tupu, pima sita, kila pima mikono miwili iliyonyooshwa, nao lazima uishie penye udongo wenye unyevu. Hapa unyevu uko migombani nyuma ya zahanati. Waya wa ardhini ukishazikwa, ndipo unaunga wa nguzo, mikono ikiwa mikavu, na hakuna wingu linalonguruma popote. Mwisho unabandika tangazo: RADI IKIPIGA USISHIKE SIMU.

Masalia hayapo, Joviana. Kila waya umepimwa kabla ya kutoka stoo. Nisamehe.

Mlinzi wa zahanati, mzee Ta Mutembei, anakusalimu. Amekutumia kahawa ya kutafuna kwa mkono wa Yunus, mke wa fundi asikose cha kukaribishia wageni.

Wako,
Projestus

*

Kagondo
Jumapili, 15 Agosti 1976

Projestus wangu, fundi wangu, nguzo yangu,

Leo ni sikukuu ya Kupalizwa. Wote wameenda kanisani, nimebaki na bibi kipofu wa jirani kunilinda. Nimemsomea barua yako. Amesema: "Mume anayeandika habari za waya kurasa mbili, huyo anakupenda. Wa kwangu hakuandika hata jina lake."

Lakini huyu Ma Georgina ni nani? Ana umri gani? Anakupikia ebitoke, ndizi za kwetu? Usinijibu kwamba ni dada tu. Mafundi wote wanasema hivyo. Natania, lakini nijibu.

Na vikuku. Mume wangu, sikuombi mlima. Mama ameshamwambia shangazi yako, shangazi ameshawaambia wanakwaya, sasa Kagondo nzima inangoja kusikia miguu yangu. Pima sita! Huo udongo wa Kimwani una tumbo gani la kumeza pima sita za shaba, na mkeo hata kidole? Nataka kitu ulichokikunja kwa mikono yako. Nitakivaa mpaka nizeeke, nitazikwa nacho. Ukikataa tena nitatoka na miguu mitupu na kumwambia kila mtu kwamba udongo ni mke mwenza wangu.

Nakubusu mahali unapopajua,
Joviana

*

Kimwani
24 Agosti 1976

Mke wangu,

Umeshinda. Yunus atakupa kifurushi kilichoshonwa kwenye gunia. Kifungue mwenyewe. Vikuku vinne, nimevisokota jioni nne kwa koleo na kwa magoti. Kile kimoja hakikukaa sawa. Kivae mguu wa kushoto, ndio unaoanza nao ukitembea, nilikuona siku ya harusi.

Waya niliuzika chini ya ukuta badala ya kuupeleka migombani. Umetumia pima tatu, tatu nyingine ni zako. Ardhi ni ardhi. Pale ukutani ni pakavu kidogo, kwa hiyo nimemwagiza Ta Mutembei amwage ndoo ya maji kila jioni mpaka vuli ianze. Amesema atafanya. Ni mtu wa neno lake, anamwagilia hata asipoambiwa. Usimwambie mtu haya, hata mama. Sema ni masalia.

Simu imelia jana! Watu walicheza. Ma Georgina alilia machozi. Ana miaka hamsini na miwili, ana wajukuu, na ndiyo, ananipikia ebitoke, na anasema mke wangu anapaswa kupunguza chumvi, maana nimemwonyesha barua zako akajua una moto.

Wako, wako,
Projestus

*

Kagondo
30 Agosti 1976

Mpenzi, mpenzi, mpenzi,

Vinalia! Nikivuka chumba tu vinalia. Mama ameniketisha, akanitazama miguu, akasema, "Sasa umeolewa." Akatoka nje haraka nisione macho yake.

Nalala navyo. Vimeniachia alama ya kijani kwenye ngozi, siioshi.

Mwambie Ma Georgina naomba radhi kwa wivu wangu wa kijinga. Mwambie siku mtoto wetu atakapokuja, nataka kuzalia mikononi mwake, Kimwani, karibu na simu ya baba yake.

Siku arobaini zimebaki. Nakupenda mpaka naona aibu.

Joviana wako

*

Kimwani
Jumanne, 14 Septemba 1976

Joviana,

Ma Georgina amekufa.

Jumamosi mvua ya kwanza ilikuja na radi. Mimi nilikuwa njiani Muleba kuchukua nguzo. Kulikuwa na mama mmoja anayejifungua, Anatolia, damu zinatoka, mtoto amekaa vibaya. Tangazo lilikuwa ukutani, niliandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Ma Georgina alilisoma kwa sauti, wanasema, halafu akasema, "Basi radi nayo isome," akazungusha simu. Opereta alisikia "Leteni gari." Halafu hakusikia kitu.

Gari lilikuja. Anatolia yu hai na mtoto wake yu hai. Tumemzika Ma Georgina jana.

Muombee.

Projestus

*

Kagondo
17 Septemba 1976

Mume wangu maskini,

Natamani nivunje ukuta huu nije nikushike kichwa. Mimi niliyemwonea wivu! Nimeomba rozari nzima kwa ajili yake na bado naona haya.

Usijilaumu. Uliandika tangazo. Alilisoma. Alichagua mama yule na mtoto yule, na Mungu atampokea kwa mikono miwili.

Kitu kimoja tu kinanizunguka kichwani, mpenzi, nieleze ili nilale. Ulinifundisha kwamba radi ikiingia, kisanduku huipokea na waya wa ardhini huipeleka kwenye udongo. Sasa mbona haikwenda?

Wako daima,
Joviana

*

Kimwani
23 Septemba 1976

Mke wangu,

Choma barua hii.

Mhandisi alikuja kutoka mjini na polisi wawili. Alipima udongo chini ya ukuta akasema umekauka kama chungu, mvua haifiki pale, paa linaizuia. Akauliza nani alipewa kazi ya kumwagilia. Nikasema Ta Mutembei. Ni kweli, ndiye aliyepewa. Lakini kaka yake alikufa tarehe 7, na yeye alikuwa msibani siku nne, analala huko kwenye majani kama desturi inavyotaka. Hakuna aliyemwaga maji.

Mwenyekiti wa kijiji, Ildefons, akasimama mbele ya watu wote akasema mzee huyu alikuwa wa mwisho kuhama kibanja chake cha migomba mwaka juzi, alibebwa juu ya godoro lake, hakukipenda kijiji tangu mwanzo, na leo amekihujumu. Watu wakapiga kelele. Wamemchukua. Yuko mahabusu Muleba. Wanasema ni uzembe ulioua, labda na zaidi.

Mhandisi hakufukua waya. Aliniuliza, "Pima sita?" Nikasema sita. Nikatia sahihi.

Vikuku vitupe chooni. Kama watu wameviona, sema vimeibwa. Usitoke navyo. Joviana, mke ni kifua cha mumewe. Kifua hakisemi.

P.

*

Kagondo
Jumatatu, 27 Septemba 1976

Projestus,

Sikuichoma. Mkono ulikataa.

Nilikuwa nimekaa nayo mapajani Yunus alipofika kuzungumza na mama barazani. Ukuta wetu ni wa miti na udongo, nasikia kila kitu. Yunus akasema, "Mama, kule Kimwani wanasema mzee Mutembei ni mhujumu." Mama akauliza, "Mzee gani? Yule aliyetutumia kahawa?" "Huyo huyo." Mama akacheka kwa uchungu: "Mhujumu hatumi kahawa kwa mke wa fundi." Yunus akasema, "Mke wake anapanda basi langu kila siku ya pili, anabeba chakula mpaka Muleba. Juzi hawakumpokelea. Alikirudisha chote, akanipa mimi nile. Mama, niliwapa watoto wa stendi."

Nimejaribu kukutetea, mume wangu. Nimejaribu kama wakili. Nikasema labda hata pima sita zisingetosha. Labda radi ile ilikuwa kubwa mno. Labda ndoo moja ya maji ingemwokoa. Sijui. Na wewe hujui, wala mhandisi hajui. Lakini Ta Mutembei alipewa ndoo kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Ungekuwa migombani, angelala msibani mwezi mzima na hakuna mtu angemwuliza kitu.

Na waya ulikuwa mfupi kwa sababu yangu. Niliomba. Ukakataa, ukanieleza sababu kwa upole. Nikaomba tena nikicheka. Ningekuwa nimemtesa Ma Georgina kwa mikono yangu ningeweza kutubu vizuri zaidi, maana ningelijua jina la dhambi.

Nenda kwa mhandisi. Mwambie afukue. Nitakuja mjini kusimama nawe, niseme mimi ndiye niliyeyataka. Wakikufunga nitakungoja. Mimi ni msichana wa sekondari, nina mikono, nitalima, nitafundisha watoto kusoma, nitakuletea chakula kila siku wakikipokea au wakikikataa. Sitaona haya hata kidogo. Haya ninayoiogopa ni nyingine.

Nakusihi kwa penzi letu lote. Nitangoja hadi Jumapili ijayo, tarehe 3.

Joviana

*

Kimwani
Jumamosi, 2 Oktoba 1976

Mke wangu,

Nilikwenda. Usiseme sikwenda.

Alhamisi nilifika Muleba mpaka kwenye ua wa kituo. Ta Mutembei alikuwa anafagia. Amekonda. Aliponiona alifurahi, Joviana, alifurahi! Akaniita kwa sauti, "Fundi! Simu imepona?" Nikasema bado. Akanisogelea akasema, "Mwanangu, wewe ni msomi, watakusikia. Waambie nilikuwa kwa kaka yangu. Waambie nilimwaga maji siku zote mpaka siku ile." Nikasema nitawaambia. Askari akauliza, "Una shida gani, fundi?" Nikasema nimekuja kumsalimu mzee.

Halafu nikarudi.

Nisikilize kwa akili, si kwa moyo. Yeye ana miaka sabini. Ameshaoa, ameshazaa, ameshakula vyake. Sisi tumekaa pamoja siku kumi. Nikisema, kazi imekwenda, miaka imekwenda, na Ma Georgina harudi. Labda watamwachia kwa sababu ya uzee. Kwa nini tuwe watatu wa kupotea badala ya mmoja?

Jumamosi ijayo utatoka. Nitakuwepo, nimeomba ruhusa. Nitanunua kitambaa kizuri. Tutaanza upya, hatutazungumza tena juu ya jambo hili.

Nakupenda kuliko nafsi yangu,
Projestus

*

Kanazi, kwa baba yangu
Jumatano, 6 Oktoba 1976

Projestus,

Nimetoka.

Jana asubuhi nilivaa gauni la kawaida. Mama alisimama mlangoni akadhani nimeota. Nilimwambia kila kitu pale pale. Alikaa chini kwenye kizingiti. Halafu akasema, "Ni mwanangu." Nikasema, "Najua, Mama." Akasema, "Ukinivuka leo, hutarudi hapa kama omugole. Hakuna atakayekutembeza. Hakuna atakayeimba." Nikasema, "Najua, Mama." Hakunipisha wala hakunizuia. Nilimruka mkwe wangu kama mtu anavyoruka mtaro, na hilo peke yake nitalijibu siku ya hukumu.

Nilitembea mpaka mjini. Wanawake waliokuwa wanavuna kahawa walisimama kunitazama. Mmoja akamwambia mwenzake, "Yule si mke wa fundi? Mbona yuko juani?" Mwenzake akasema, "Ameachwa." Sikugeuka.

Ofisa wa polisi alinipa kiti. Akaniuliza, "Mumeo amekupiga?" Nikasema hajawahi. "Ana mwanamke mwingine?" Nikasema hana. "Basi, mama, umekuja kumshitaki nini?" Nikaweka vikuku mezani. Vililia. Akavitazama, akanitazama miguu. Nikamwambia wapi pa kufukua na atakuta pima ngapi. Nikamwambia aandike pia kwamba mimi ndiye niliyeomba, mara mbili. Alisema sheria haiulizi nani alitamani, inauliza nani alikata. Nikasema aandike tu. Akaandika, nadhani kwa kunihurumia.

Wametuma ujumbe Muleba. Ta Mutembei hatapelekwa mahakamani wiki hii, watafukua kwanza. Mke wake bado hajui.

Sasa nisome polepole, maana sehemu hii ndiyo niliyoiandikia barua nzima.

Umeniambia nitumie akili. Nimetumia. Umesema mzee ameshakula vyake. Siku ile niliisoma sentensi hiyo mpaka macho yakauma, nikitafuta mtu niliyesimama naye altareni. Yule mtu alipanda nguzo ili akina mama wasifie njiani. Alianza na waya wa ardhini wakati wenzake wanatafuta makofi. Nilimpenda kwa hilo, ingawa nilikuwa nacheka na kutaka shaba. Nampenda mpaka sasa hivi, Projestus, na ndiyo sababu nakuandikia.

Ofisa amesema Landrova yao haina mafuta mpaka kibali kisainiwe, watakuja kukuchukua Ijumaa. Sikumwomba achelewe. Lakini Yunus anaondoka kesho alfajiri, nitampa barua hii mkononi, na ameapa kuiweka mkononi mwako kabla ya mchana. Basi lake linageuza saa nane kurudi Muleba. Atakuwekea nafasi mbele, hatakuuliza nauli wala neno lolote.

Una mchana mmoja. Panda. Ingia ua ule ule, umwambie askari yule yule shida uliyoshindwa kuisema. Mwambie mzee mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hajasikia kwa wengine. Hata wakikufunga miaka mingapi, nitakuwa mke wa fundi Projestus aliyekosea na akasema, na chakula chako nitakileta.

Lakini wakikukuta Ijumaa umekaa Kimwani, unangoja kuchukuliwa, sijui nitamletea nani chakula hicho.

Joviana